Udongo wa Mshikajabali

Kuukausha mmea wa kawaida ni kazi ya wiki moja. Unaulaza juu ya gazeti, unaufunika kwa gazeti jingine, unaubana kati ya vibao viwili kwa mikanda, na kila asubuhi unabadilisha magazeti mpaka ukauke. Lakini mmea wa majani manono, jamii ile inayojiwekea maji mwilini, haukubali. Unaubana wiki, unaubana mwezi, ukifungua unakuta bado ni wa kijani, na pengine umechipuza mizizi mipya mle mle gizani. Ndiyo maana ofisi yetu ilikuwa na kanuni: mmea mnono unachovywa kwanza kwenye maji yanayochemka, unakufa, ndipo unabanwa.

Kanuni hiyo hakuna aliyeijua kuliko mimi. Naitwa Onesphory, na mwaka hamsini na sita nilikuwa karani wa mimea, kijana wa Rombo mwenye kalamu mbili mfukoni na suruali iliyonyooka kwa pasi. Ofisi ilikuwa upande wa pwani, chumba kirefu chenye makabati ya bati na harufu ya dawa ya mende. Kazi yangu ilikuwa kukausha, kushonea kwenye karatasi ngumu, na kuandika kibandiko: jina, mahali, tarehe, nani ameuchuma. Nisikufiche, nilikuwa na majivuno. Niliona kitu kisicho na kibandiko kama vile hakijazaliwa.

Mwaka ule bwana wetu, Mwingereza mpole mwenye masikio mekundu, alikuwa anatengeneza orodha ya mimea adimu ya nchi nzima. Kila mmea uliwekewa neno lake. Upo. Haba. Mashakani. Umekwisha. Mimi nilitaipu, yeye akasahihisha kwa penseli. Katika karatasi zote zile palikuwa na mmea mmoja uliomnyima raha. Mjerumani mmoja aliuona kabla ya vita vya kwanza, huko Upare, kwenye jabali lililosimama wima kama ukuta. Aliuchuma, akaupeleka kwao, na jumba alimouweka likaja kupigwa mabomu vita vya pili, likaungua na kila kilichokuwamo. Watu walitumwa jabalini na kamba, mara mbili, wakarudi mikono mitupu. Kilichobaki kilikuwa maelezo tu: majani manono yenye zambarau kwa chini, shina moja lisilotoa matawi, na ua moja la rangi ya maziwa lililoinamisha kichwa. Pembeni bwana alikuwa ameandika Umekwisha, na mbele yake alama ya kuuliza.

"Ningepata ushahidi hata mmoja," aliniambia, "ningelifuta neno hili kwa furaha."

"Na atakayeuleta, bwana?"

"Jina lake litaandikwa hapa, chini ya jina la mmea."

Basi nikaanza kuliona jina langu. Niliota mchana, niko macho, kitabu kimefunguliwa mezani mahali fulani penye baridi na mtu nisiyemjua anapitisha kidole, anasoma Onesphory. Siku nyingi joto la adhuhuri lilipokuwa limelala juu ya bati la ofisi, na hata kunguru wamechoka kulia, nilikuwa huko.

Nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa mwanamke wa Kipare aitwaye Mboni, wa umri kama miaka thelathini na mitano, aliyeirithi nyumba ile kwa mjomba wake wa reli. Wapangaji wote walimwita Mama Sitara. Mimi nilimwita Mpare, naye akaniita Mchaga, kwa kuwa sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani atakutukana mchana kweupe mbele ya wakwe zako, nawe utacheka. Mtani akipita kwako akachukua kofia au kuku, kachukua. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako, na ukoo wako utakucheka mpaka uzeeke.

"Mchaga, umeamka?" aliniambia kila asubuhi nikitoka na mswaki. "Nilidhani umeshakibeba kitanda changu ukakinadi sokoni."

"Ningekibeba, Mpare, lakini nasikia una kesi na jogoo wa jirani kwa kuwika kabla ya zamu yake. Nikaogopa kuitwa shahidi."

Akacheka, nami nikacheka, na siku ikaanza vizuri. Nilimpenda sana Mboni kwa hilo. Mjini watu wengi wanakusalimia, lakini wa kukutukana kwa mapenzi ni wachache.

Uani, juu ya ukuta mfupi wa jiko, palikuwa na debe la mafuta ya taa lililokatwa nusu, na ndani yake mmea. Mwaka mzima nilipita chini yake. Ulikuwa mmea wa nyumbani tu, na mimi mimea ya nyumbani sikuihesabu kuwa mimea. Halafu Jumapili moja ya mwezi wa sita, nimerudi misani, nimevua koti, nimesimama kivulini nikisubiri bomba lipatikane, nikainua macho.

Ulikuwa umechanua. Ua moja, rangi ya maziwa, limeinamisha kichwa kana kwamba linasikiliza kitu chini ya ukuta. Upepo ulikuja kidogo, jani likageuka, nikaona zambarau. Redio ya jirani ilikuwa inaimba, mtu alikuwa anatwanga, watoto walikuwa wanagombania tairi, na sauti zote hizo zikasogea mbali kama watu wanaotoka chumbani mmoja mmoja. Sijui nilisimama pale muda gani. Niliposhtuka, bomba lilikuwa limepata mtu mwingine.

"Mpare," nikamwita. "Mmea huu umeutoa wapi?"

"Kwetu." Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake chini ya ukuta ule ule, anashona.

"Kwenu wapi?"

"Jabalini. Mama aliteremka kwa kamba akaung'oa kwenye ufa pamoja na udongo wake, akanifungia kwenye kanga siku ninakuja huku." Akataja jina lake la Kipare, na ulimi wangu wa Kirombo haukuliweza, nikauita mshikajabali tangu siku hiyo. "Nimejaribu kukata kipande nipande kwingine, kinaoza. Ni huo huo mmoja."

"Nipe niupeleke ofisini."

"Ukafanywe nini?"

"Uandikwe kwamba upo."

"Ukishaandikwa?"

Hapo nikajikohoza. "Utachemshwa kidogo. Halafu utakaushwa, utatunzwa vizuri sana."

Mboni aliweka sindano chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Yaani ili mjue kuwa ni mzima, mpaka muuue! Shule mlienda kufanya nini? Hauendi popote huu. Utaniacha nao."

Alisema huku anacheka. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikachukua kicheko nikaliacha neno.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Feri kununua samaki. Niligeuza kinu, nikapanda juu yake, nikaliteremsha debe. Kwa mpangaji aliyekuwa anafua nikaacha ujumbe kama desturi inavyotaka: "Mwambie Mpare mtani wake amepita." Nikatoka na debe kifuani, Mtaa wa Sikukuu mpaka Mnazi Mmoja mpaka pwani, na kila hatua jina langu lilikuwa linachapwa.

Bwana alikuwa safarini nyanda za juu kwa wiki nne. Nikaifanya kazi peke yangu, na niliifanya vizuri. Mizizi ya sampuli lazima iwe safi, kwa hiyo niliung'oa mmea taratibu, nikakung'uta udongo wote nyuma ya ghala, mahali tulipokung'uta udongo wa mimea yote inayoletwa kutoka mikoani. Nikaiosha mizizi kwenye beseni kwa vidole, uzi mmoja mmoja. Hata debe nililisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Niliona ni adabu kumrudishia mtu chombo chake kikiwa safi.

Nilimkuta Mboni uani, kapu la samaki bado liko mkononi. Alikuwa anatazama ukuta. Nikamkabidhi debe, nimejiandaa kwa matusi, nimeshayatunga na majibu yangu njiani. Akachungulia ndani ya debe. Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa na mwenzake.

"Umenipata, Mchaga," akasema.

Akalirudisha debe juu ya ukuta kifudifudi, akaingia chumbani. Kapu la samaki liliachwa pale pale mlangoni mpaka paka wakalimaliza.

Jumatatu nikawasha jiko la stovu ofisini, nikabandika sufuria. Maji yakachemka. Niliushika mshikajabali mkononi, na katika joto lote lile ulikuwa wa baridi kama mtungi. Sitajisingizia huruma, maana sikuwa nayo bado. Nilisimama tu, mvuke unanipiga usoni, na mkono haukwenda. Nikasema nitafanya kesho. Nikaubana vile vile, mzima, kati ya magazeti, nikakaza mikanda. Katika miaka sita ya kazi hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nilijua kabisa kuwa ni kosa.

Siku zile zikapita kama zinapita usingizini. Asubuhi nilifungua vibao, nikatazama, nikafunga. Majani yalilala, lakini yalibaki ya kijani. Ua lilinyauka. Wiki ya pili kichipukizi kipya kikatoka ubavuni na kuanza kutambaa juu ya gazeti, polepole, kikavuka bei ya katani, kikapita kwenye picha ya harusi ya watu fulani wa Tanga, kikawapita bwana na bibi harusi wote wawili. Kilikuwa kinaelekea pembeni, mahali ambapo vibao havikukutana sawasawa na mwanga uliingia upana wa ukucha. Sikumwambia mtu.

Mchana nilisinzia mezani nikaota. Kila mara ndoto ni ile ile: nimening'inia kwa kamba kwenye jabali, chini hakuna ardhi, ni ukungu mweupe unaopumua. Juu yangu mtu ananisomea kibandiko. Anasoma jina. Anasoma mahali. Anasoma tarehe. Akifika kwenye nani ameuchuma ananyamaza, nami ninangoja nikiwa nimeishikilia kamba, nataka sana aseme na ninaogopa asije akasema. Nikaamka shingo inaniuma, magazeti yamenishika shavuni.

Nyumbani utani uliendelea, ila ulikuwa umepungua chumvi. "Umeamka, Mchaga," alisema, akaishia hapo. Mkeka wake aliuhamishia upande wa pili wa uani, kwenye jua. Nilitamani anitukane matusi mazito, ya kuanzia babu yangu mpaka ng'ombe wa babu yangu. Hakuna. Alinipa maji ya kuoga, akaniuliza habari za kazi. Nikaanza kuchelewa kurudi kwa makusudi, nikizungukazunguka sokoni kati ya marundo ya maboga na ndizi mbivu, sinunui kitu.

Wiki ya nne bwana akarudi, masikio yameungua zaidi. Orodha ilitakiwa iondoke na meli ya kesho yake. Tulikaa nayo asubuhi nzima, karatasi baada ya karatasi, mpaka akafika pale. Akagonga penseli mezani.

"Onesphory. Hakuna lolote lililopatikana la Upare?"

Vibao vilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Asubuhi ile nilikuwa nimevifungua, na kichipukizi kilikuwa kimefika kwenye ule mwanga. Kilikuwa kimechanua, kimelala ubavu, bapa, juu ya neno la mwisho la gazeti. Ningesema ndiyo, bwana angegeuka, angeuona, naamini hata angelia. Halafu angeniambia niwashe jiko. Angelazimika. Sampuli hai haisafirishwi ndani ya bahasha.

"Hakuna, bwana," nikasema.

Akachukua kifutio, akaifuta alama ya kuuliza, akaliacha neno. Nikaingiza karatasi kwenye mashine nikataipu mwenyewe: Umekwisha. Jina langu nililokuwa nalisoma katika kile kitabu cha penye baridi likaondoka, na niseme kweli, liliniuma. Nilikuwa nimelizoea.

Bwana alipokwenda kula, nikaufungua mshikajabali, nikauviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa, nikaondoka nao. Nilitembea haraka, karibu kukimbia. Mboni alikuwa anapepeta mchele uani. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua gazeti kama mtu anayefungua zawadi ya harusi.

Aliuangalia. Akaligusa jani moja, akaligeuza, na uso wake ukafunguka, nikamwona tena Mboni niliyekuwa namjua. "Ni mzima," akasema. "Huu huu. Ni mzima!" Akainuka mbio, akaliteremsha debe ukutani, akalikalisha sawa. Halafu akachungulia ndani.

"Na udongo?"

"Udongo gani?"

"Uliokuwa humu."

"Nitakuletea mwingine. Bustanini kwetu kuna udongo mweusi, mzuri kuliko—"

"Onesphory," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita jina langu. "Sitara yuko wapi?"

Sikuelewa. "Si yuko Upare? Kwa bibi yake?"

"Nani alikuambia?"

Nikafikiri. Hakuna aliyeniambia. Watoto wa nusu ya wapangaji walikuwa bara kwa bibi zao, nikamjumlisha na wake. Mimi niliyejua majina ya mimea elfu mbili, nilimwita huyu kwa kabila lake mwaka mzima, nikawasikia wenzangu wakimwita kwa jina la mwanawe, na sikuwahi kuuliza mtoto mwenyewe ni yupi.

"Alizaliwa chumba kile cha kona," akasema. Alikuwa anaongea na debe. "Kitovu kilipodondoka sikuwa na pa kukizika. Kitovu kinazikwa kwenye udongo wa kwenu, na hapa ardhi si ya kwetu, leo upo kesho wanakuhamisha. Udongo wa kwetu niliokuwa nao mjini ni ule uliokuja na mmea. Nikakizika humo. Alipofika miaka mitano homa ikamchukua, siku mbili tu. Tulimzika. Baadaye wakapitisha barabara, makaburi yale yakasawazishwa, sijui hata pa kwenda kusimama. Basi nikawa nakaa hapa chini ya ukuta. Nilikuwa naye hapa."

Ndipo akafanya lile ambalo hata leo nikilikumbuka nafumba macho. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akajaribu kutabasamu.

"Lakini si neno," akasema. "Wewe mtani wangu."

Nilitoka bila viatu. Mtaa wa Kongo alikuwapo mzee mmoja wa kwetu, Melkiori wa Kibosho, mfanyabiashara wa maharage ya jumla, na nyuma ya duka lake alikuwa amepanda sale kwenye pipa. Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu kosa lisilosemeka, unamletea jani la sale limefungwa fundo. Halihitaji maneno. Mchaga akiletewa sale atasamehe, hata kama ameuawa ndugu.

"Unampelekea nani?" Melkiori akauliza, kisu kiko mkononi.

"Mboni wa Sikukuu."

"Yule Mpare?" Akakishusha kisu. "Umerukwa na akili? Mtani haombwi radhi. Ukimpelekea sale umekiri hapakuwa na utani, ulimwibia kama mwizi mwingine. Yeye si Mchaga, hana lazima ya kukusamehe. Anaweza kukufukuza leo hii, na kwa jinsi Wapare wanavyopenda korti, usiku wa leo ataandika hati ya mashitaka. Nyamaza tu. Hana ruhusa ya kukasirika."

"Ndiyo hiyo, mzee," nikasema. "Hana ruhusa. Nataka nimpe."

Melkiori akalikata jani, akalifunga fundo kwa mikono yake mwenyewe, akanipa.

Mboni alikuwa bado amekaa pale pale, ungo uko mapajani. Nikapiga magoti, nikalinyoosha lile jani kwa mikono miwili.

"Mama Sitara," nikasema, "lile halikuwa la utani. Uliniambia hauendi popote, nikakuibia."

Alilijua sale, Upare na Uchagani tunaonana milima. Alilitazama jani, akanitazama mimi, na niliona kitu kinapanda kutoka chini kabisa, kitu kilichokuwa kimekalishwa kwa miaka. Ungo ukaruka, mchele ukatapakaa uani. Kofi lilinikuta sikioni.

"Mshenzi wewe!" akapiga kelele. "Mwizi! Umemmwaga mwanangu! Umemmwaga mwanangu nje kwa watu, kama maji machafu! Halafu ukanioshea na debe!"

Wapangaji wakatoka milangoni. Alinipiga kwa mikono yote miwili, mabegani, mgongoni, kisha mikono ikachoka akaanza kulia, na alilia kwa sauti, bila kujificha. Wanawake wawili wakaja wakamshika. Nilibaki nimepiga magoti kwenye mchele. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilifurahi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu aliyekosewa na mtu aliyekosa.

Alipoweza kusema, alisema, "Uliumwaga wapi? Nipeleke."

Nilimtangulia mpaka ofisini. Nyuma ya ghala tulimkuta Pantaleo, mfagiaji wetu, mtu wa Songea mwenye maneno machache. Kwa miaka aliagizwa autupe udongo ule ufukweni, na kwa miaka hakuutupa. Alikuwa ameulundika ukutani, akatengeneza tuta refu, akapanda mchicha.

Nikainama. Kulikuwa na mwekundu na mweusi, mchanga mweupe wa visiwani, vumbi la kijivu la nchi kavu, vyote vimelimwa pamoja, vimemwagiwa maji pamoja. Kila mahali nilipowahi kupaandika kwenye kibandiko palikuwa pale, na sikuweza kutenga hata udongo wa mahali pamoja.

"Ni upi?" Mboni akauliza.

"Sijui."

Alilitazama tuta toka mwanzo mpaka mwisho. "Basi wote," akasema.

Pantaleo hakuuliza sababu. Alisikia tu ni udongo wa mtoto, akaweka ufagio chini, akaanza kung'oa mchicha wake. Tulipata mkokoteni, tukaenda safari tatu, yeye anasukuma na mimi navuta, Mboni yuko pembeni mkono juu ya magunia ili usimwagike. Mboni aliurudisha mshikajabali kwenye debe lake, akachota konzi moja ya udongo kila upande wa lundo mpaka debe likajaa. Uliobaki tuliutandaza uani, kuanzia ukuta wa jiko mpaka mlango wa chumba cha kona. Akarudisha mkeka wake.

Mvua za vuli zilipokuja, uani pakaota. Zilitoka nyasi ambazo sijawahi kuziona nje ya kabati, likatoka ua dogo la bluu la Ufipa, mtambaa wa Lindi, kitu chenye miiba ambacho hata bwana hakuwahi kukipatia jina. Mbegu zilikuwa zimelala mle kwenye udongo wa mizizi, zinangoja. Mboni alikataza mtu asing'oe hata kimoja. Wapangaji walikwenda bombani kwa kuruka ruka. Mimi hakunifukuza, wala hakunishitaki, lakini hakuniita Mchaga tena. Ananiita Onesphory, kwa heshima, na kila akiniita najua nilichopoteza.

Orodha ilirudi mwaka uliofuata, imechapwa, ina jalada gumu. Nilikuja nayo nyumbani mchana, nikasimama karibu na mkeka wake, nikamsomea ukurasa ule. Aliniambia nimwonyeshe neno lenyewe. Nikamwonyesha. Akaliwekea kidole, akakaa nalo kidogo. Juu ya ukuta mshikajabali ulikuwa na kichipukizi.

"Umekwisha," nikasoma tena.

"Waache waandike," akasema. "Hata Sitara walimwandika hivyo hivyo."

Akanirudishia kitabu. Kisha akanigusa kifundo cha mguu, polepole, akaniambia nisogee kidogo, nimekanyaga mche.